Irving Naxon: Mhandisi aliyetia umeme chungu cha nyanya yake

JINA la Irving Naxon hutajwa kila inaposimuliwa historia ya chungu cha umeme kinachopika polepole, lakini halijaandikwa kwenye vyungu vyenyewe wala kwenye makasha vinamouziwa.

Mamilioni ya wazazi duniani hutegemea kazi ya mhandisi huyo bila kujua. Alfajiri hukata nyama na vitunguu, hutia maharagwe na maji kiasi, hufunika, huwasha umeme na kwenda zao kazini. Jioni wanaporejea, wamechoka na watoto wana njaa, hukuta chakula kimeiva na kingali moto.

Wengi hudhani kwamba chombo hicho kilizaliwa katika maabara ya kampuni fulani kubwa. Ukweli ni kwamba asili yake ni tanuri la mwokaji mikate katika jiji la Vilna, kule Lithuania, na amri ya dini iliyowakataza watu kuwasha moto siku ya mapumziko. Kilifika viwandani kwa sababu mtoto mmoja yatima alisikiliza hadithi za mama yake, akazikumbuka hadi alipokuwa mtu mzima.

Maisha ya Naxon ni simulizi ya jinsi maarifa ya wanawake wasiojulikana yalivyopata hati ya uvumbuzi, yakauzwa, kisha yakawafaa wanawake wengine waliokuwa wakihangaika kugawa saa za mchana kati ya ajira na jiko.

Mwana wa wahamiaji

Naxon alizaliwa mwaka wa 1902 mjini Jersey City, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Irving Nachumsohn. Walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Lithuania, nchi ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya himaya ya Urusi.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Wayahudi kwa mamia ya maelfu walivuka bahari kwenda Marekani. Walikimbia umaskini, sheria za kibaguzi na mashambulizi ya mara kwa mara dhidi ya mitaa yao. Mali waliyobeba ilikuwa kidogo, lakini walikwenda na lugha yao, sala zao na mapishi yao.

Babake Irving alifariki mwana huyo akiwa bado mdogo. Mama, Tamara, akaachwa na jukumu la kulea watoto peke yake katika nchi ya ugenini. Alihamia nao Fargo, mji wa jimbo la North Dakota, kisha wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia akavuka nao mpaka hadi Winnipeg nchini Kanada. Katika masimulizi ya familia, sababu ya safari hiyo ya pili ilikuwa hofu kwamba kaka yake Irving angeandikishwa jeshini.

Winnipeg ni mji wenye baridi kali ambako kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 20 ukomo wa sufuri wakati wa majira ya baridi. Huko ndiko Irving alikokulia. Hakuwa na uwezo wa kwenda chuoni kama vijana wa familia zenye mali, kwa hivyo akajifunza uhandisi wa umeme kwa njia ya posta, akipokea masomo kwa barua na kuyafanyia kazi nyumbani.

Elimu hiyo ilimfikisha Chicago, jiji ambalo wakati huo lilikuwa mojawapo ya vitovu vya viwanda vya umeme nchini Marekani. Aliajiriwa na Western Electric, kampuni iliyotengeneza mitambo ya simu na iliyokuwa na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi jijini humo. Hutajwa kuwa Myahudi wa kwanza kuajiriwa na kampuni hiyo akiwa mhandisi. Katika miaka hiyo, kampuni nyingi kubwa za Marekani hazikuwa tayari kuwapa Wayahudi nafasi za kitaaluma, hata walipokuwa wamehitimu.

Naxon hakudumu katika kuajiriwa. Alikuwa mtu wa kuvumbua, na mvumbuzi hufurahia zaidi kutumikia mawazo yake mwenyewe. Alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Naxon Utilities, akawa anabuni vifaa na kuviuza au kuuza haki za kuvitengeneza.

Kikwazo kilikuwa gharama ya hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasimwibie wazo. Mawakili wanaoshughulikia maombi ya hataza walitoza ada kubwa. Naxon aliamua kusoma sheria hizo, akafanya mtihani wa wanaoruhusiwa kuwasilisha maombi na kuufaulu. Tangu hapo alijiandikia maombi yake mwenyewe.

Katika maisha yake alipata hataza zinazokadiriwa kufikia 200. Alibuni kikaango cha umeme. Alibuni pia Telesign, mtambo wa kuonyesha maandishi ya habari yanayotembea kwa taa, mtangulizi wa mabango yanayoonekana leo kwenye majumba ya miji mikubwa. Hata hivyo, kifaa kilichompa nafasi katika historia kilikuwa chombo cha kawaida kabisa, cha kupikia maharagwe.

Chungu cha Ijumaa

Tamara alikuwa na hadithi aliyowasimulia watoto wake kuhusu utoto wake Vilna, jiji ambalo leo huitwa Vilnius na ndilo mji mkuu wa Lithuania. Wakati huo Vilna ilikuwa kitovu cha elimu na dini ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kiasi kwamba ilifananishwa na Yerusalemu.

Kila Ijumaa alasiri, alisimulia Tamara, mama yake alimpa chungu kilichojaa vyakula vibichi akipeleke kwa mwokaji mikate. Ndani ya chungu kulikuwa na mlo unaoitwa cholent, ambao kwa kawaida huwa na nyama, maharagwe, shayiri, viazi na vitunguu.

Sababu ya safari hiyo ya kila wiki ilikuwa sheria ya Sabato. Siku hiyo ya mapumziko huanza jua linapotua Ijumaa na kumalizika usiku unapoingia Jumamosi. Torati inakataza kuwasha moto katika makao siku ya Sabato, na mapokeo ya Kiyahudi yanahesabu kupika kuwa miongoni mwa kazi zisizoruhusiwa.

Lakini mapokeo hayohayo yanahimiza watu waifurahie Sabato, na hakuna furaha katika kula chakula baridi wakati theluji imefunika barabara. Akina mama wakapata njia ya kutimiza yote mawili. Chungu kingewekwa motoni kabla ya jua kutua, kisha kingeachwa kiive chenyewe bila mtu kugusa kuni wala makaa.

Mwokaji ndiye aliyekuwa na kifaa kinachofaa. Baada ya kuoka mikate ya Sabato, aliacha moto wa tanuri ufifie. Matofali mazito ya tanuri yalikuwa yamenyonya joto tangu alfajiri na yangeendelea kulitoa polepole hadi siku ya pili. Familia za mtaa zilipanga vyungu vyao humo, mlango ukafungwa, watu wakaenda kusali.

Jumamosi, baada ya ibada, kila familia ilirudi kuchukua chungu chake. Nyama ngumu iliyonunuliwa kwa bei nafuu ilikuwa imelainika hata kuachana na mfupa. Maharagwe yalikuwa yamekunywa mchuzi. Mlo wa maskini ukawa karamu.

Sayansi ya jambo hilo ilikuja kufafanuliwa baadaye. Sehemu za mnyama zinazofanya kazi nyingi, kama vile miguu, shingo na mabega, zina nyuzi ngumu ambazo moto mkali na wa haraka huzikaza zaidi. Zikipikwa kwa unyevu na joto la wastani kwa saa nyingi, nyuzi hizo huyeyuka na kuwa kama ute unaoufanya mchuzi uwe mzito. Kinachohitajika ni muda, na muda ndio ambao tanuri la Vilna lilikuwa nao kwa wingi.

Akina mama wa Vilna hawakuwa peke yao katika maarifa haya. Wenyeji wa Pwani ya Afrika Mashariki wanajua jinsi bokoboko ya ngano na nyama inavyodai subira ya saa nyingi. Vivyo hivyo, mpishi wa githeri katika eneo la kati la Kenya anajua kwamba mahindi na maharagwe makavu hayamtii mtu mwenye haraka.

Tofauti ni kwamba mjukuu wa nyanya wa Vilna alikuwa mhandisi wa umeme.

Kutoka tanuri hadi waya

Naxon alijiuliza jinsi joto lile la tanuri linalofifia lingeweza kupatikana juu ya meza ya jikoni, ndani ya nyumba ya mjini isiyo na mwokaji jirani. Jawabu lake lilikuwa kuondoa moto chini ya chungu na badala yake kukizungushia joto kwenye kuta zake.

Sufuria iliyo juu ya jiko hupata joto jingi mahali pamoja, yaani chini. Ndiyo sababu chakula huungua na kushika kitakoni ikiwa mpishi haendi kukoroga. Naxon alibuni chombo chenye sehemu mbili. Ndani kilikaa chungu cha chakula chenye kifuniko, na nje kulikuwa na ganda. Kati ya sehemu hizo alipitisha nyaya za umeme zenye kutoa joto dogo lililosambaa sawasawa.

Kwa mpango huo, chakula kiliiva kutoka pande zote kama kilivyoiva ndani ya matofali ya tanuri. Hapakuwa na haja ya kukoroga wala ya kukesha, na kifaa kiliweza kubebwa na kuchomekwa popote palipo na umeme.

Kulikuwa na faida nyingine iliyomvutia. Majira ya joto mjini Chicago huwa na fukuto, na katika miaka hiyo nyumba nyingi hazikuwa na mitambo ya kupoza hewa. Kuwasha oveni kwa saa nyingi kulimaanisha kuigeuza nyumba nzima kuwa tanuri. Chungu kidogo chenye kutumia umeme kidogo kilimruhusu mtu apike bila kujichoma mwenyewe.

Aliwasilisha ombi la hataza Mei 21, 1936, na Januari 23, 1940 serikali ya Marekani ikamkabidhi hati yake. Wakati huo bado alikuwa akitumia jina la Nachumsohn.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, ulimwengu uliomzaa mama yake ulianza kuangamizwa. Mnamo Juni 1941 majeshi ya Ujerumani ya Wanazi yaliingia Vilna. Makumi ya maelfu ya Wayahudi wa jiji hilo na vitongoji vyake walipelekwa katika msitu wa Ponary na kupigwa risasi. Waliosalia walifungiwa katika mtaa maalum, na wengi wao wakaishia kuuawa. Kufikia mwaka wa 1944, zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa Lithuania walikuwa wamekufa.

Mitaa ambamo wasichana walibeba vyungu kila Ijumaa ikabaki bila wenyewe. Kwa mkasa huo, karatasi iliyokuwa kwenye kabati la mhandisi mmoja Chicago, ikiwa na michoro ya nyaya na ganda la chuma, ikawa pia kumbukumbu ya mji ambao haungerejea kuwa ulivyokuwa.

Mwaka wa 1945, vita vilipokuwa vikimalizika, mhandisi huyo alifupisha jina lake na kuwa Naxon. Jina la Nachumsohn lilisikika masikioni mwa Wamarekani kama la Kijerumani, na kila kilichonuka Ujerumani kilichukiwa wakati huo. Hivyo Myahudi ambaye asili yake ilikuwa miongoni mwa watu waliouawa na Wanazi alilazimika kuliacha jina la babake ili asidhaniwe kuwa Mjerumani.

Bidhaa iliyokosa soko

Chungu chenyewe kiliingia sokoni kwa jina la Naxon Beanery, jina linalodokeza maharagwe. Mikahawa midogo na vibanda vya kuuzia vyakula vilikinunua kwa ajili ya kupika maharagwe na kuyaweka yakiwa moto. Familia chache zilikuwa nacho, lakini hakikuwa bidhaa ya kuzungumziwa.

Si vigumu kueleza kwa nini. Marekani ya miaka ya 1950 ilimtarajia mke wa mjini, hasa wa tabaka la kati, abaki nyumbani. Matangazo ya biashara yalimchora akiwa kando ya jiko jipya linalong'aa. Mtu aliye nyumbani kutwa hana sababu kubwa ya kununua chombo ambacho sifa yake kuu ni kupika mwenyewe akiwa hayupo. Mwaka wa 1950, ni takriban thuluthi moja tu ya wanawake wa Marekani waliofikia umri wa kufanya kazi walioajiriwa au kutafuta ajira.

Naxon aliendelea kubuni mambo mengine na kuendesha kampuni yake. Mwaka wa 1970, alipokuwa akikaribia miaka 70 na kutaka kustaafu, aliiuza kampuni hiyo kwa Rival Manufacturing ya Kansas City katika jimbo la Missouri.

Rival ilijulikana kwa vifaa vya jikoni kama vile mashine za kukamulia matunda na za kufungulia mikebe. Ilinunua kampuni nzima, na Beanery ilikuja kama kitu kimoja miongoni mwa vingi. Nusura kisahauliwe kwenye ghala.

Aliyekiokoa hakuwa mhandisi. Wakuu wa Rival waliwakabidhi chungu hicho wataalamu wa mapishi wa kampuni, wanawake waliofanya kazi katika jiko la majaribio. Wataalamu hao waligundua kwamba kilichodhaniwa kuwa chombo cha maharagwe kingeweza kupika takriban kila kitu kinachohitaji mchuzi na muda: nyama ya ng'ombe, kuku, supu, hata vyakula vitamu vya matunda. Waliandaa kijitabu cha mapishi kilichoandamana na chombo.

Kampuni ilikibadilisha sura, ikakipa rangi zilizopendwa wakati huo na kukipachika jina jipya, Crock-Pot. Kilizinduliwa mwaka wa 1971 katika maonyesho ya vifaa vya nyumbani jijini Chicago, jiji lilelile ambamo Naxon alikibuni. Bei yake ilikuwa karibu dola 25.

Mkono wa tatu jikoni

Safari hii bidhaa ilikutana na wakati wake. Kufikia mwaka wa 1970 takriban asilimia 43 ya wanawake wa Marekani walikuwa katika soko la ajira, na mwaka wa 1980 kiwango hicho kilikuwa kimepita asilimia 51. Wengi miongoni mwao walikuwa na watoto wadogo.

Mama aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni hakuwa na saa tatu za kuchemsha nyama. Alikuwa na chaguo la kununua chakula kilichopikwa nje, ambacho kilimgharimu zaidi, au kuwalisha watoto vyakula vya mikebe. Crock-Pot ilimpa njia ya tatu. Rival ilijenga matangazo yake juu ya wazo hilo hasa, kwamba chungu kingepika mchana kutwa mpishi akiwa mbali.

Mwaka wa 1973 mzozo wa mafuta ulipandisha gharama ya kawi, na hapo chungu kikapata sifa nyingine. Kulingana na ukubwa wake, chombo cha aina hii hutumia takriban wati 70 hadi 300, ilhali oveni huvuta zaidi ya wati 2,000 inapopasha joto. Zaidi ya hayo, nyama inayokifaa zaidi ni ile ngumu ambayo buchani huuzwa kwa bei ya chini.

Mauzo ya Crock-Pot yalipanda kutoka dola milioni 2 mwaka wa 1971 hadi dola milioni 93 mwaka wa 1975. Mwaka wa 1974 kampuni ilianza kuuza aina ambayo chungu chake cha ndani kiliweza kutolewa na kuoshwa, jambo lililowaondolea watumiaji adha ya kusugua chombo chenye waya. Kitabu cha mapishi cha Mable Hoffman kuhusu vyungu hivyo, Crockery Cookery, kilichapishwa mwaka wa 1975 na kununuliwa kwa mamilioni.

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba chungu hakikuleta usawa ndani ya nyumba. Aliyeamka mapema kukata vitunguu aliendelea kuwa mama. Aliyekumbuka kutoa nyama kwenye jokofu usiku alikuwa mama, na aliyeosha chombo baada ya mlo alikuwa mama. Matangazo yenyewe yalimlenga yeye, kana kwamba baba hakuwa na tumbo wala mikono.

Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kupika ilihamishwa kutoka saa za jioni, mzazi anapokuwa amechoka zaidi, hadi saa anazojichagulia mwenyewe. Kwa wengi huo haukuwa msaada mdogo. Saa moja ya jioni iliyookolewa iliweza kutumika kumsaidia mtoto hesabu za shuleni, au kuketi tu.

Uvumi wa Crock-Pot ulififia miaka ya 1980 majiko ya maikrowevu yalipoenea na kuahidi chakula kwa dakika chache. Lakini maikrowevu haiwezi kulainisha nyama ngumu kwa mtindo wa tanuri la Vilna. Chungu kikabaki kabatini kikisubiri, na katika karne ya 21 kimerejea kwa kishindo, huku kampuni nyingi zikikitengeneza kwa majina tofauti na kukiuza hata katika maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa.

Hekima ya mwokaji

Kanuni za kukitumia zinafanana mno na zile ambazo nyanya yake Naxon alizifuata bila kitabu. Chungu hujazwa kati ya nusu na robo tatu, mboga ngumu kama viazi na karoti zikiwa chini, nyama juu yake. Maji huwa kidogo kuliko ya sufuria ya kawaida kwa sababu mvuke hautoroki. Kwa joto la chini, mlo wa nyama huchukua saa saba hadi kumi, na kwa joto la juu saa nne hadi sita.

Kifuniko hakifunguliwi ovyo. Kila kinapoinuliwa, joto hutoka na mapishi hucheleweshwa kwa muda wa kati ya robo na nusu saa. Katika Vilna hakuna aliyefungua mlango wa tanuri hadi kesho yake.

Kuna tahadhari mbili ambazo mzazi hafai kuzipuuza. Ya kwanza inahusu maharagwe mekundu. Yakiwa mabichi yana sumu asilia inayosababisha kutapika na kuhara, na joto la chini la chungu cha umeme halitoshi kuiharibu. Hayana budi kulowekwa kwa muda usiopungua saa tano, maji yakamwagwa, kisha yachemshwe kwa nguvu katika sufuria kwa nusu saa kabla ya kutiwa chunguni.

Tahadhari ya pili ni kuhusu baridi na umeme. Nyama iliyoganda kwa barafu huyeyushwa kwanza, kwa maana ikiwekwa ilivyo itakaa kwa saa nyingi katika uvuguvugu unaopendwa na bakteria. Na umeme ukikatika mzazi akiwa kazini, asijue ulipotea kwa muda gani, chakula hicho hutupwa hata kikionekana kizuri.

Ni kwa sababu ya umeme, na bei yake, ambapo familia nyingi za Kenya zimeshika njia nyingine ya kufikia lengo lilelile. Hutumia kikapu kilichotandikwa vitambaa vizito au pamba, ambacho makundi ya kina mama yamekuwa yakikishona na kukiuza. Sufuria huchemshwa kwanza jikoni, kisha hufunikwa ndani ya kikapu, na chakula huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe bila waya wala makaa. Kikapu hicho na tanuri la mwokaji wa Vilna ni ndugu.

Kurudi kwa Ijumaa

Naxon alifariki mwaka wa 1989. Alikuwa ameishi kuona chombo alichokibuni kikiingia katika nyumba za mamilioni, kikiwa na jina ambalo si lake. Rival nayo ilikuja kununuliwa na kampuni nyingine mwaka wa 1999, na chapa ya Crock-Pot imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa tangu hapo.

Binti zake wamekuwa wakieleza asili ya chungu hicho kila wanapoulizwa, na ndio waliohakikisha kwamba hadithi ya Tamara na tanuri la Vilna haikuzikwa pamoja na baba yao. Bila wao, huenda wanahistoria wangeandika tu nambari ya hataza na jina la kampuni.

Siku hizi, Ijumaa alasiri, katika nyumba nyingi za Wayahudi kuanzia Chicago hadi Yerusalemu, mtu hutia nyama, maharagwe, shayiri na viazi katika chungu cha umeme. Hukichomeka kabla ya jua kutua, kisha hakigusi tena. Usiku kucha nyumba hunukia. Jumamosi mchana, wakitoka katika ibada, wenye nyumba hufunua kifuniko na kupakua cholent.

Hakuna msichana anayelazimika kubeba chungu barabarani kwenye theluji, na hakuna mwokaji anayewangoja.